Ardhi ya makaburi haiishi, tunaoimaliza ni sisi

Katika kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu, tulipokuwa tukisoma mambo manne anayopaswa kufanyiwa maiti wa Kiislamu, yaani kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Ustadhi, ikiwa kila siku watu wanakufa na kila mmoja anachukua sehemu yake, si ipo siku ardhi ya kuzikia itakwisha?" Wenzake walicheka. Lakini swali hilo si la kuchekwa. Watu wazima wanaliuliza pia, ila wao huliuliza kwa kunong'ona, wakiwa wamesimama makaburini huku wachimbaji wakihangaika kutafuta nafasi.

Makala hii ni jibu la swali hilo. Nitalijibu kama somo: kwanza hali ya mji wetu wa Tunduma, kisha mafundisho ya Uislamu, halafu hesabu, na mwisho nini kifanyike. Naomba msomaji asisubiri mpaka mwisho kujua msimamo wangu. Ninachosema ni hiki: kwa namna Uislamu ulivyotufundisha kuzika, ardhi ya makaburi haiishi. Inayokwisha ni ardhi ya watu waliozika kinyume na mafundisho hayo, na ya watu ambao hawakujiwekea wakfu wakati ardhi ingalipo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tunduma ni mji unaokua haraka sana. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu chini kidogo ya laki moja. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu zaidi ya laki mbili. Yaani katika miaka kumi mji umeongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulianzishwa baada ya kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha huduma za mpakani baina ya Tunduma na Nakonde kikazinduliwa. Biashara imeongezeka, malori yanayokwenda Zambia na Kongo yameongezeka, na bei ya viwanja imepanda.

Mji huu hauwezi kupanuka kila upande. Upande mmoja ni mpaka wa nchi. Ukivuka uko Nakonde, Zambia. Kwa hiyo nyumba, maduka, maegesho ya malori, shule na makaburi vyote vinasukumwa upande wa ndani, kuelekea Mpemba na Vwawa, na kufuata barabara ya Sumbawanga. Shamba la mahindi la mwaka jana leo lina msingi wa nyumba. Katika mashindano hayo ya ardhi, mfanyabiashara anajitetea kwa fedha, na mwenye nyumba anajitetea kwa hati. Maiti hana wa kumtetea isipokuwa walio hai.

Hapana shaka kuwa tatizo hili ni la watu wa dini zote. Lakini linatugusa Waislamu kwa namna ya pekee, kwa sababu tatu.

Kwanza, wenzetu wengi hapa, iwe Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba au Wandali wa Ileje, wana ardhi ya ukoo. Anayefia mjini anaweza kupelekwa kijijini akazikwa shambani kwa wazee wake. Waislamu wengi wa mjini ni wahamiaji. Tumekuja kwa biashara, kwa kazi serikalini, kwa udereva, kwa ualimu. Hatuna shamba la babu katika wilaya hii.

Pili, Sunna inatutaka tuharakishe mazishi. Mtume (s.a.w.) ametuagiza kuliharakisha jeneza. Hatuweki maiti siku nne tukisubiri basi la kumpeleka Kigoma au Tanga. Aliyefia Tunduma, asili ni kuwa azikwe Tunduma. Kwa hiyo mji usio na makaburi ya uhakika unatubana zaidi kuliko unavyombana mwenye desturi ya kusafirisha.

Tatu, hapa ni njia ya wasafiri. Dereva wa lori kutoka Mombasa, utingo wa Kisomali, mfanyabiashara wa kutoka Lubumbashi, wote wanalala hapa na wengine wanafia hapa. Msafiri huyo hana ndugu mjini isipokuwa jamaa wa msikiti. Kumzika ni faradhi kifaya juu yetu. Tukisema hakuna nafasi, basi mji mzima umepata dhambi.

Katika mazishi mawili niliyohudhuria hivi karibuni niliona jambo lililonisikitisha. Vijana walianza kuchimba mahali palipoonekana wazi. Baada ya futi tatu hivi majembe yakagonga zege. Kaburi la jirani lilikuwa limejengewa kwa tofali na saruji chini ya ardhi, likavuka mipaka yake. Wakafukia, wakahamia sehemu ya pili, nako wakakuta hivyo hivyo. Maiti yuko kwenye jeneza, watu wamesimama juani, na eneo ukilitazama kwa juu lina nafasi. Si kwamba ardhi ilikuwa imekwisha. Saruji ndiyo iliyokuwa imeifunga.

Ardhi inapokea na inarudi kuwa ardhi

Tuanze na Qur'an. Katika Suratul-Mursalat (77:25-26) Allah (s.w.) anatutanabahisha kuwa ameifanya ardhi kuwa ni yenye kukusanya, iwakusanye walio hai na waliokufa. Katika Suratu Taha (20:55) anatukumbusha kuwa tumeumbwa kutokana na ardhi, tutarudishwa humo, na tutatolewa humo mara nyingine. Na katika Suratul-Maida (5:31) tunapata kisa cha mwana wa Adam aliyemuua nduguye asijue la kumfanya, mpaka Allah akamleta kunguru akifukua ardhi ili amfundishe namna ya kusitiri mwili.

Ukizizingatia aya hizi utaona jambo moja. Mwili unakabidhiwa ardhi ili urudi kuwa ardhi. Haukabidhiwi ili uhifadhiwe ndani ya sanduku la zege usigusane na udongo. Mwenye kuzikwa ndani ya sanda, akalazwa katika mwanandani ubavu wake wa kulia, akafunikwa kwa mbao au matofali mabichi kisha udongo, huyo amerudishwa alikotoka. Baada ya miaka, kwa kadiri ya udongo na hali ya hewa ya mahali, mwili wake unakuwa udongo.

Sunna nayo imelinda jambo hili. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Kumbuka pia jinsi alivyolitia alama kaburi la swahaba wake Uthman bin Madh'un (r.a.). Kwa mujibu wa Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe upande wa kichwani ili alijue kaburi hilo na awazike karibu yake watu wa familia yake. Jiwe moja tu. Hiyo ndiyo alama aliyoiweka Mtume kwa swahaba aliyempenda, na linatosha kwa baba yangu na baba yako.

Uthman bin Madh'un (r.a.) kwa kauli mashuhuri ndiye wa kwanza kuzikwa Al-Baqi, Madina, katika Muhajirina. Tangu wakati huo mpaka leo ni zaidi ya miaka 1,400. Wamezikwa humo maswahaba, matabiina, wanazuoni, watu wa Madina wa kizazi baada ya kizazi na mahujaji kutoka kila pembe ya dunia. Kweli eneo hilo limewahi kupanuliwa. Lakini upanuzi peke yake usingetosheleza karne kumi na nne. Al-Baqi inaendelea kupokea maiti mpaka leo kwa sababu makaburi yake ni udongo, na sehemu iliyozikwa zamani huzikwa tena.

Wanazuoni walishalizungumza

Huenda mtu akasema kuwa uhaba wa ardhi ya makaburi ni tatizo la zama hizi na kwamba vitabu vya fiqhi havilijui. Si kweli. Imam Shafi (r.a.), aliyefariki mwaka 204 Hijria, ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kuwa aliwaona watawala wa Makka wakibomoa kilichojengwa juu ya makaburi, na hakuwaona mafaqihi wakiwalaumu. Sababu aliyoitaja inatuhusu sana leo: makaburi ya watu wote yakijengewa, sehemu hiyo inafungwa isizikwe mwingine, na watu wanabanwa. Akatofautisha kati ya ardhi hiyo ya wote na ardhi ambayo ni milki ya mtu mwenyewe.

Tazama, ndugu msomaji, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita faqihi huyu alikuwa anawafikiria watu watakaokufa baada yake na nafasi yao ya kuzikwa. Sisi ambao wengi wetu tunajinasibu na madhehebu yake tunaweka vigae na nguzo za chuma, kisha tunalalamika kuwa makaburi yamejaa.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amefafanua zaidi katika Al-Majmu'. Haifai kufukua kaburi bila ya sababu ya kisheria. Lakini maiti akishachakaa akawa udongo, inafaa kuzikwa mwingine mahali hapo. Na nani wa kuamua kuwa maiti amekwisha kuwa udongo? Wanazuoni wanasema jambo hilo linarejeshwa kwa wenye ujuzi wa ardhi ya mahali husika, kwa sababu ardhi hazilingani. Udongo wa pwani si sawa na udongo mzito na wa baridi wa nyanda za Mbozi. Kwa hiyo mtu asije akanukuu idadi ya miaka kutoka nchi nyingine akaifanya sheria hapa.

Na ikiwa wachimbaji watakuta mifupa? Hili nalo lina jibu lake katika madhehebu ya Shafi. Wakiikuta mifupa kabla hawajamaliza kuchimba, wanarudishia udongo na kutafuta mahali pengine. Wakiikuta baada ya kumaliza kuchimba, wanaiweka pembeni mwa kaburi kwa heshima na maiti mpya anazikwa pamoja nayo. Mifupa haitupwi wala haivunjwi. Tunayo hadithi ya Bi Aisha (r.a.) kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja angali hai.

Baadhi ya ndugu zetu wakisikia maneno haya hushtuka. Husema: "Yaani baba yangu azikiwe mtu juu yake?" Ninauelewa uchungu huo, na anayeuona ni mtoto mwema. Lakini tumkumbushe mambo mawili. La kwanza, baada ya vita vya Uhud Mtume (s.a.w.) aliamrisha mashahidi wawili wawili, na hata watatu, wazikwe katika kaburi moja, akawa anauliza nani kati yao aliyehifadhi Qur'an zaidi ili atangulizwe. Hiyo ilikuwa ni dharura, na asili ni kila maiti na kaburi lake. Lakini kama kushiriki kaburi kungekuwa ni kumvunjia maiti heshima, wasingetendewa hivyo wabora wa umma huu. La pili, kinachomfaa mzazi aliyefariki ni dua ya mtoto mwema, sadaka yenye kuendelea na elimu yenye manufaa, kama ilivyothibiti katika hadithi. Vigae havimo katika orodha hiyo.

Na isieleweke kuwa ninahimiza watu waende kesho na majembe kufukua makaburi ya mwaka juzi. Hilo ni haramu. Ninachosema ni kuwa dini imetuwekea utaratibu wa kuzika kwa zamu, na utaratibu huo unahitaji kumbukumbu, subira na uongozi.

Hesabu ndogo ya ekari

Sasa tuchukue kalamu. Kaburi la mtu mzima, pamoja na nafasi ya kupita na mapengo baina ya makaburi, tulikadirie mita za mraba 5. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Kwa hiyo ekari moja inachukua makaburi 800.

Tuchukulie, kwa mfano tu wa darasani, mji wenye Waislamu 20,000, na kwamba katika kila watu 1,000 wanafariki 6 kwa mwaka. Hao ni maiti 120 kila mwaka. Ekari moja itajaa katika miaka sita na miezi minane.

Kama kila kaburi ni la milele, kwa miaka 100 tutahitaji makaburi 12,000, sawa na ekari 15. Karne inayofuata tutahitaji ekari nyingine 15, na inayofuata vivyo hivyo, wala hakuna mwisho. Hapo ndipo swali la mwanafunzi linapopata nguvu.

Lakini tukizika kwa udongo, na wenye ujuzi wa ardhi yetu wakasema, tuseme, miaka 40 inatosha, basi tutahitaji makaburi 4,800 tu, sawa na ekari 6. Mwaka wa 41 tunarudi kwenye kitalu cha kwanza. Ekari hizo 6 zitatuzika sisi, watoto wetu, wajukuu na vitukuu. Jamii ikiongezeka maradufu tutahitaji ekari 12. Bado ni eneo ambalo jamii ya mji inaweza kulinunua ikidhamiria.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuzika kisunna na kuzika kifahari. Mwenye kujenga kaburi kwa zege hakutumia fedha zake tu. Amechukua kwa nguvu nafasi ya maiti mwingine ambaye bado hajafa, tena katika ardhi ambayo si milki yake.

Tujifunze kwa wenzetu

Hapa kwetu Tanzania, makaburi ya Kinondoni jijini Dar es Salaam yamezungumzwa kwa miaka mingi kuwa yamejaa. Anayepita humo huona makaburi yaliyojengewa yamebanana, na kutembea baina yake bila kukanyaga kaburi ni kazi. Dar es Salaam ilikuwa na ardhi. Tunduma nayo leo inayo, na kesho hatujui.

Nairobi imetupa somo kubwa zaidi. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, na watu wakaendelea kuzikwa humo. Huko kuna makaburi ya kudumu na ya muda, kila aina na ada yake. Mwenye uwezo analipia la kudumu, na maskini anapewa la muda ambalo baadaye atazikwa mwingine. Halmashauri ya jiji ilipokuja kununua ardhi mpya, mwaka 2009 zililipwa shilingi za Kenya milioni 283 kwa ekari 120 huko Mavoko. Ikabainika kuwa bei hiyo ilikuwa imezidishwa mara nyingi, na kuwa ardhi yenyewe haifai kuchimbwa makaburi. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka 2018 waliokuwa viongozi wa ngazi za juu walitiwa hatiani na kufungwa. Fedha ilikwenda, makaburi hayakupatikana.

Jiji lile halikukosa ardhi ya kuzikia wala fedha. Lilikosa uaminifu. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu katika jamii zetu michango ya misikiti na wakfu nayo imewahi kuleta maneno. Ukusanyaji wa fedha za makaburi usipokuwa na risiti na taarifa, tutakuwa na Mavoko yetu wenyewe, ndogo.

Singapore, nchi ndogo ya kisiwa, serikali iliamua mwaka 1998 kuwa kaburi ni la miaka 15 tu. Baada ya hapo kaburi hufukuliwa, na mabaki ya Waislamu huzikwa upya kwa pamoja katika makaburi ya kushiriki. Waislamu wa huko walilazimika kukaa na serikali ili utaratibu huo ufanyike kwa heshima ya kisheria. Hao walifika mahali pa kupangiwa miaka, sisi hatujafika.

London nayo, Waislamu waliona makaburi ya manispaa hayawatoshi na hayaendani na taratibu zao. Wakaunda taasisi, wakanunua ardhi yao mashariki mwa jiji, na mwaka 2002 wakafungua makaburi yaitwayo Gardens of Peace, yenye eneo la zaidi ya ekari 20. Makaburi humo ni vichuguu vya udongo vinavyofanana, tajiri na maskini. Eneo la kwanza lilipoelekea kujaa walikwisha kutafuta la pili. Wachache katika nchi ya watu wengine wameweza. Sisi tulio katika nchi yetu tuna udhuru gani?

Nini kifanyike Tunduma

Ninapendekeza mambo sita kwa maimamu, kamati za misikiti na kila Muislamu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na miji mingine ya mkoa wetu.

Kwanza, tuache kujengea makaburi, kuanzia sasa. Maimamu walitangaze jambo hili kwenye khutba kabla ya msiba, kwa sababu siku ya msiba hakuna anayesikiliza. Alama iwe jiwe au kibao kidogo. Na kuta za tofali ndani ya ardhi zisitumike isipokuwa pale ambapo udongo unabomoka na hakuna namna nyingine.

Pili, tununue ardhi ya wakfu mapema. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka ushauri, na akaifanya wakfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma kwa ajili ya Waislamu. Mfanyabiashara wa Tunduma anayetafuta sadaka yenye kuendelea atafakari: kila atakayesitiriwa katika ekari yake ni ujira kwake, naye akiwa kaburini. Wasio na uwezo wa ekari wachangie hatua chache za mraba. Na kabla ya kununua, pachimbwe kwanza. Kama ni mwamba au maji yanatoka karibu, tusinunue hata tukipewa kwa bei nafuu.

Tatu, ardhi hiyo ipimwe na iwe na hati kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kisheria kwa Kabidhi Wasii, si kwa jina la mtu. Wazee wetu walitoa wakfu kwa mdomo na watu waliheshimu. Leo mtoaji akifariki bila maandishi, mjukuu anauza. Tukumbuke pia kuwa nchi hii ina sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, inayoipa Serikali uwezo wa kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Siku hiyo ikifika, mwenye hati na kumbukumbu ataitwa mezani. Asiyekuwa nazo atasikia kelele za greda.

Nne, tuwe na daftari la makaburi. Kila maiti aandikwe jina, tarehe, kitalu na mstari. Eneo ligawanywe kwa vitalu, tuzike kwa mpangilio, na watoto wachanga wawe na kitalu chao kwa sababu makaburi yao ni mafupi. Bila daftari hakuna atakayejua kitalu kipi kimefikisha muda, na mlango wa kuzika tena kwa mujibu wa sheria utafungwa na ujinga wetu.

Tano, tushiriki katika mipango ya mji. Halmashauri zinapochora mchoro wa eneo jipya hutenga shule, soko na eneo la wazi. Waislamu wapeleke maombi ya maeneo ya kuzikia kwa maandishi, wafuatilie, na waone kwa macho yao bikoni zikiwekwa. Eneo la makaburi lililotengwa kwenye ramani halafu likaachwa bila uzio wala mti wa mpaka, huvamiwa. Jambo hili tunaweza kulifanya pamoja na majirani zetu Wakristo, kwani nao wanakufa na wanahitaji ardhi kama sisi.

Sita, kamati itakayosimamia haya itoe hesabu hadharani kila baada ya miezi mitatu, ibandikwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Kiasi kilichokusanywa, kilichotumika, kilichobaki. Muislamu akiona hesabu hutoa. Asipoona hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakoua wakfu nyingi.

Haya yote hayahitaji mfadhili kutoka nje. Mahesabu niliyoonesha hapo juu ni ya ekari 6 mpaka 12. Tunachangia harusi na mabati ya misikiti, na tunafanya vizuri. Lakini si kila mmoja wetu ataoa tena wala kuezeka, na kila mmoja wetu atazikwa.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, maana upande wa Mpemba bado yapo mashamba. Anayepita barabara hiyo kila wiki anajua kasi ya ujenzi ilivyo. Kila mwaka tunaochelewa, ekari inapanda bei na inasogea mbali na mji, na umbali huo utabebwa na mabega ya watoto wetu siku watakapotubeba sisi.

Allah (s.w.) atupe mwisho mwema, awarehemu waliotutangulia, na ayajaalie makaburi yetu kuwa bustani miongoni mwa bustani za Pepo. Amin.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Tunduma.